Mfalme Wako Akifa Jumanne, Barua za Jumatano Anasaini Nani?

Ufalme wangu wa kwanza wa kubuni haukukosa kitu. Ulikuwa na bendera ya rangi tatu, rangi nilizozichagua kwa wiki nzima. Ulikuwa na wimbo wa taifa wa beti nne, jumba lenye minara saba, na taji nililolichora kwa penseli mgongoni mwa bahasha za kahawia. Nchi niliiita Ung'ambo, kwa sababu ilikatwa na mto mpana katikati, na watu wa kila upande waliwaita wenzao wa ng'ambo. Nikaandika sura nane mfululizo. Sura ya tisa mfalme akafa.

Mimi ni karani wa masjala. Mwaka wa kumi na moja huu nafungua majalada, naandika namba za folio na kuwafukuzia wakubwa saini zao. Hadithi naandika usiku. Mswada wangu nilimpa mwenzangu wa meza ya pili, mama mmoja anayekaribia kustaafu, ambaye hajawahi kupoteza jalada. Aliusoma wakati wa mapumziko ya mchana, akavua miwani, akaniuliza: "Mwanangu, huyu mfalme wako kafa Jumanne. Barua za Jumatano kasaini nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika sura nane kuhusu nchi ambayo sijui inaendeshwaje. Haya ninayoeleza hapa ndiyo niliyojifunza wakati wa kuibomoa Ung'ambo na kuijenga upya, na yatamfaa yeyote anayebuni nchi, iwe kwa riwaya, kwa mchezo wa mezani na marafiki au kwa kujifurahisha tu.

Anza na maiti

Kabla ya ramani na bendera, andika ukurasa mmoja: mfalme amefariki usiku wa manane. Nani anaamshwa kwanza? Ufunguo wa kabati lenye muhuri uko kwa nani? Je, kiti kiko wazi, au kimeshapata mwenyewe kabla maiti haijapoa?

Uingereza walishajibu swali la mwisho. Elizabeth II alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, Charles alikuwa mfalme papo hapo. Kuvikwa taji kulikuja tarehe 6 Mei 2023, miezi minane baadaye, na katika miezi hiyo hakuna aliyesema nchi haina mfalme. Edward VIII alitawala mwaka 1936 mpaka akang'atuka Desemba, na taji hakuwahi kuvikwa. Kwa hiyo kule taji ni sherehe. Ufalme unaanza na pumzi ya mwisho ya aliyetangulia.

Sasa tazama Zanzibar mwaka 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti. Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme siku hiyohiyo na kujitangaza. Waingereza, waliokuwa wakiilinda nchi kwa mkataba, wakasema bila ridhaa yao hakuna sultani. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikafyatua mizinga, na vita ikaisha kabla saa moja haijatimia. Ukiangalia kwa jicho la mwandishi, ugomvi wote ulisimama juu ya swali dogo la utaratibu: kiti kinapatikana kwa kukikalia, au kwa kukubaliwa na fulani?

Njia za kumpata mrithi si nyingi kama unavyodhani, na kila moja ina sumu yake. Kazi yako ni kuchagua sumu.

Ukimpa mtoto wa kwanza wa kiume, unapata sheria iliyo rahisi kueleza, mpaka siku mfalme atakapobaki na mabinti watupu. Mwaka 1837 Victoria alirithi kiti cha Uingereza. Kiti cha Hanover, ambacho wafalme wa Uingereza walikuwa wakikishika pamoja na cha kwao, hakikumpitia yeye, kwa sababu kule mwanamke hakurithi maadamu yupo mwanamume wa ukoo. Kikaenda kwa ami yake. Kifo kimoja, nchi mbili zikaachana. Hispania ilikuwa mbaya zaidi: Ferdinand VII alibadilisha sheria mwaka 1830 ili bintiye aweze kurithi, akafa mwaka 1833 mtoto hajatimiza miaka 3, na ndugu wa marehemu akakataa kuitambua ile sheria. Vita ikawaka.

Ukisema mtoto wa kwanza bila kujali jinsia, jiulize sheria ilianza lini. Sweden iliianza tarehe 1 Januari 1980. Carl Philip, aliyezaliwa Mei 1979, alikuwa mrithi kwa miezi saba, kisha urithi ukahamia kwa dada yake Victoria. Alikuwa hajui hata kutembea. Hebu fikiria angekuwa na miaka 25, ana marafiki jeshini na amezoea kuitwa mtukufu. Hapo una riwaya mkononi.

Ukiurithisha kaka kwa kaka, faida ni kwamba daima unapata mtu mzima. Saudi Arabia, tangu Abdulaziz alipofariki mwaka 1953, wafalme sita waliomfuata wote ni wanawe. Lakini kaka huisha. Wakiisha, wanabaki watoto wa mjomba na ami chungu nzima, kila mmoja na hoja yake. Waturuki wa Osmani, kwa upande wao, walikuwa na dawa ya tatizo hilo: Mehmed III aliposhika kiti mwaka 1595 aliwanyongesha ndugu zake 19. Dawa yenyewe ilitisha kiasi kwamba baada yake waliona afadhali kuwafungia ndugu ndani ya jumba. Hapo ikazuka shida nyingine, ya sultani anayetoka kifungoni kwenda kutawala dunia asiyoijua.

Unaweza pia kuwa na wapiga kura. Malaysia ina watawala wa majimbo tisa wanaochagua mmoja wao kuwa mfalme wa nchi kwa miaka mitano, kisha zamu inasogea. Poland ya zamani ilichagua mfalme kwa kura za makabaila, na mataifa jirani yakagundua kwamba kura hununulika. Ukichagua njia hii, usiishie kusema "walikaa wakachagua". Sema wapiga kura ni wangapi, wanakutana wapi, na kura zikilingana inakuwaje.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Buganda. Kule mtu hufuata ukoo wa baba, lakini watoto wa Kabaka, yaani mfalme wa huko, wao hufuata ukoo wa mama. Kwa hiyo hakuna ukoo mmoja wa kifalme unaojichimbia kitini milele. Kila ukoo unaoweza kumpa Kabaka mke una tumaini la siku moja kuwa na mjukuu anayetawala. Kanuni moja ndogo ya ndoa inafanya kazi ambayo kwingine ingehitaji jeshi. Ukitafuta kanuni ya nchi yako, tafuta ya namna hii, inayowapa wengi sababu ya kutouvunja ufalme.

Iandike sheria yenyewe, neno kwa neno

Watu wengi wanaobuni nchi wanaruka hatua hii. Wanasema tu "urithi ni wa mtoto mkubwa" na kuendelea. Mimi nakuomba ukae chini uiandike ibara kamili, kama ambavyo ingekaa kwenye hati yenye muhuri. Yangu ya kwanza ilisomeka hivi:

"Mfalme akifariki, kiti kitarithiwa na mwana wake mkubwa, na asipokuwa na mwana, kitarithiwa na ndugu yake."

Nzuri, eh? Ina hata mwendo wa kitabu cha kale. Nikaiweka mezani, nikaisoma kama ninavyosoma barua ya mtu anayedai fidia.

"Mwana." Mtoto yeyote, au wa kiume? Kiswahili hakisemi. "Mkubwa." Aliyetangulia kuzaliwa, au mwenye cheo? Mtoto wa mke mdogo aliyezaliwa kwanza, na mtoto wa mke mkuu aliyezaliwa mwaka uliofuata, nani mkubwa? "Wake." Aliyemzaa akiwa mfalme, au hata yule aliyemzaa kabla hajatawazwa, akamwacha kijijini? "Ndugu." Hapa ndipo nilicheka peke yangu. Ndugu ni kaka, dada, mtoto wa ami, mtu wa ukoo, hata mwenzako wa chama. Kwa neno hilo moja nusu ya Ung'ambo ingeweza kudai kiti. Na "akifariki" je? Aking'atuka? Akipotea baharini, maiti isionekane?

Nilikuwa karibu kuyaziba matundu yote. Kisha nikajizuia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mtunga sheria ni kweli, lakini mtunga hadithi anakula kwa nyufa. Nikaziba zile zilizonipotezea muda na kuacha mbili: "mwana" na "mkubwa". Mfalme wa Ung'ambo sasa ana binti wa kwanza, miaka 31, na mtoto wa kiume wa mke mkuu, miaka 29. Watu wa ukingo wa mashariki wanaisoma ibara kwa namna moja, wa magharibi kwa namna nyingine, na kila upande una nakala yake ya zamani ya kuthibitisha.

Hapo lugha yetu ina zawadi ambayo Kiingereza, kwa mfano, hakina. "Yeye" haina jinsia. Wazee wa baraza wanaweza kumjadili mrithi kurasa tano, "atakuja", "ataapa", "tutamvika", na msomaji asijue wanamsema binti au mtoto wa kiume. Nimeitumia hila hiyo mara moja tu. Ukiirudia, msomaji atakushtukia.

Kaimu

Nani anashika mfalme akiwa mtoto, akiugua, akisafiri, akipoteza akili? Kwa lugha ya ofisini: nani anakaimu, na barua ya kukaimu imeandikwa na nani?

Uingereza wana sheria ya mwaka 1937 inayotaja watu watano: mume au mke wa mfalme, Lord Chancellor (waziri wa mambo ya sheria), Spika wa Baraza la Makabwela, na majaji wawili wa juu. Watatu kati yao wakiridhika, kwa ushahidi wa madaktari pia, kwamba mfalme hajiwezi, wanaandika tamko na kazi zake zinahamia kwa kaimu. Napenda ile idadi. Watatu kati ya watano! Mwandishi akiona hivyo anajua mara moja njama inahitaji watu wangapi, na nani wa kushawishiwa usiku.

Japani mwaka 1921 ilimfanya Hirohito kaimu wa baba yake aliyekuwa mgonjwa, mpaka baba huyo alipofariki mwaka 1926. Bhutan, katika katiba yake ya mwaka 2008, imeweka mfalme astaafu akifika miaka 65, kama sisi makarani. Lakini mfano usiochosha ni Hungaria, iliyokuwa ufalme usio na mfalme kuanzia mwaka 1920 hadi 1944. Kiti kilibaki wazi, na nchi ikaongozwa na kaimu, Horthy, ambaye alikuwa admirali katika nchi isiyo tena na bahari. Ningebuni mimi kitu kama hicho, yule mama wa meza ya pili angekikata kwa kalamu nyekundu.

Kaimu wako mpe mpaka. Anaweza kutangaza vita? Anaweza kuoza binti wa kifalme? Anaweza kubadilisha sheria ya urithi? Kazini kwetu anayekaimu husaini kwa jina lake na kuandika chini "kny", yaani kwa niaba ya, na nimeona jalada likirudi miezi miwili kwa sababu mtu alisahau herufi hizo tatu. Bosi wa siku zile aliniandikia mimi dokezo la onyo, wakati kosa lilikuwa la kwake. Bado linanikera. Ila nililichukua nikampa kaimu wa Ung'ambo: mkataba wa amani unaokataliwa na adui kwa sababu umesainiwa bila neno "kwa niaba".

Fuata jalada

Sasa serikali. Usianze kwa kuchora vibweta vyenye mishale, mfalme juu, mawaziri chini. Chukua jambo moja dogo ulifuate. Mimi nilichukua kivuko.

Mwenye kivuko cha mtoni anataka kupandisha nauli. Anaenda kwa nani? Kwa mkuu wa gati. Mkuu wa gati hana madaraka, anaandika barua kwa liwali wa wilaya. Liwali anaiweka siku nyingi, kwa sababu mkewe ana mitumbwi na nauli ya kivuko ikipanda yeye ananufaika, anaogopa ionekane. Mwishowe anaandika dokezo, "naleta kwa maelekezo", sentensi ambayo maana yake ni "lisinikalie mimi". Barua inafika kwa waziri wa njia. Waziri anataka maoni ya mtunza hazina. Mtunza hazina anasema nauli ni kodi, na kodi ni ya bunge. Bunge halikutani mpaka baada ya mavuno. Kivuko kinazama.

Kufikia mwisho wa safari hiyo nilikuwa nimejua kwamba Ung'ambo ina maliwali, ina waziri wa njia, ina bunge la msimu, na kwamba mtunza hazina anaogopewa kuliko waziri. Sikukaa nikabuni hata kimoja. Jalada lilinionyesha. Fanya hivyo na mambo matatu: moja la fedha, moja la jinai, moja la ardhi. Yatakutosha.

Kisha gawa ukurasa mistari mitatu wima. Kwanza jambo: kutangaza vita, kusamehe mfungwa, kuteua jaji, kuvunja bunge, kutia saini sheria. Pili, kwa hati, ni la nani. Tatu, kwa kweli, anaamua nani. Mstari wa pili na wa tatu vikifanana kila mahali, nchi yako bado ni mchoro. Nepal kuanzia mwaka 1846 hadi 1951 ilikuwa na mfalme, lakini aliyetawala ni waziri mkuu, na uwaziri mkuu wenyewe ulirithiwa ndani ya ukoo wa Rana. Japani ya akina Tokugawa ilikuwa na mfalme wake Kyoto na mtawala wake Edo kwa zaidi ya miaka 250.

Halafu uliza swali la hatari: mwenye saini ya heshima tu akikataa kusaini?

Ubelgiji walikutana nalo mwaka 1990. Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu utoaji mimba, na Mfalme Baudouin akasema dhamiri yake haimruhusu kuisaini. Serikali ikatafuta kifungu kinachohusu mfalme asiyeweza kutawala. Tarehe 4 Aprili mawaziri wakatangaza kwamba hawezi, wakaisaini wenyewe. Tarehe 5 bunge likamrudisha kitini. Mfalme alikuwa "mgonjwa" kwa muda usiozidi safari ya gari moshi la masafa marefu. Luxembourg walipopata kisa kama hicho mwaka 2008, kuhusu sheria ya kumsaidia mgonjwa kufa, hawakuhangaika na ugonjwa; waliibadilisha katiba ili sheria isihitaji tena kukubaliwa na Mtawala wao Mkuu. Uingereza hajatokea mfalme aliyekataa kusaini muswada tangu Malkia Anne mwaka 1708. Ila usidhani saini iliyolala imekufa. Mwaka 1975 huko Australia, Gavana Mkuu John Kerr, mwakilishi wa malkia, alimfukuza kazi Waziri Mkuu Whitlam mchana kweupe tarehe 11 Novemba, kwa madaraka ambayo wengi walidhani ni mapambo.

Katika nchi yako, chagua saini moja iliyolala. Iamshe kwenye sura ambayo msomaji ameshaisahau.

Fedha, kwa ufupi

Nani anamlipa mfalme? Ukijibu "hazina", hujajibu. Mfalme mwenye mashamba yake hahitaji bunge. Mfalme anayepewa posho anaomba. Uingereza mwaka 1760, George III alikubali mapato ya ardhi za taji yaende serikalini, naye apewe fungu la kila mwaka, na uhusiano wake na bunge ukawa wa mtu anayesubiri malipo. Na mali ikigawanyika, ufalme huweza kugawanyika nayo: Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, mtoto mmoja alibaki na Oman, mwingine na Zanzibar, na mwaka 1861 ikaamuliwa Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka kwa kuwa ndiyo iliyokuwa tajiri. Andika tu mstari mmoja: siku posho ikichelewa, nani anaacha kufika kazini kwanza. Ukijibu "walinzi", umeshapata mapinduzi.

Vyeo na vitu

Usiite kila mtawala "mfalme". Sultani, jumbe, mwinyi, mtemi, mwami, kila neno linakuja na mizigo yake, na msomaji anaisikia. Jumbe anakaa karibu na watu, mfalme anakaa mbali. Ukisema wazee na diwani, umeshaweka baraza. Ukisema amiri, umeshaweka upanga.

Neno litakalokusumbua ni "malkia". Kwetu malkia ni mwanamke anayetawala, na pia ni mke wa mfalme. Katika sura moja nilikuwa na mjane wa mfalme na binti anayedai kiti, na wote nikawaita malkia. Msomaji alipotea, nami nikapotea. Dawa niliyoipata: anayetawala anaitwa mfalme, awe mwanamume au mwanamke, na "malkia" ni cheo cha mke au mama peke yake. Ung'ambo sasa inasema "mfalme wetu amejifungua" na hakuna anayeshangaa. Mume wa mfalme nikamwacha bila cheo, ajitafutie, na ugomvi wake wa kutafuta cheo ukanipa sura mbili.

Vitu vya enzi viwe vichache. Kimoja kinatosha, kama kina masharti. Kigoda cha Dhahabu cha Waashanti wa Ghana hakikaliwi na mtu, hata mfalme mwenyewe; ndani yake imo roho ya taifa. Mwaka 1900 gavana Mwingereza akasimama mbele ya wakuu wao akataka aletewe akikalie. Jibu lilikuwa vita, na Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu, akiongoza. Gavana yule alidhani anaomba kiti.

Mimi kwa kuwa ni mtu wa masjala, kitu changu ni muhuri. Desemba 1688 James II wa Uingereza alipotoroka London alitupa Muhuri Mkuu mtoni Thames, akitumaini kwamba bila muhuri hakuna hati, na bila hati hakuna serikali. Haikumsaidia, maana wapinzani wake waliendelea bila yeye. Lakini niliposoma kisa hicho nilisimama nikazunguka chumba. Hapo ndipo sura yangu ya tisa ilipokuwa imejificha miaka yote.

Jaribu kuivunja

Ukishamaliza, ipitishe nchi yako siku tatu mbaya. Siku ya kwanza mfalme anafariki na mrithi yuko safarini wiki tatu. Siku ya pili bunge linakataa fedha. Siku ya tatu watu wawili wanatoa amri mbili zinazopingana, zote zina muhuri. Kila siku iandikie ukurasa, usiandike mawazo ya wakubwa, andika anachofanya mlinda lango. Anamfungulia nani? Mlinda lango asipojua, katiba yako ina kazi bado.

Ung'ambo ilianguka siku ya tatu. Nikarudi nikaandika sura ya tisa upya. Sasa haianzi na mfalme kabisa. Inaanza na mtunza muhuri, mtu mzima mwenye kikohozi, anayeamshwa usiku na mhudumu aliyeshika taa. Anaambiwa bwana amefariki. Hasemi kitu. Anavaa, anatembea ukumbi mrefu, anafungua kabati, anautoa muhuri na kuufunga kwenye kitambaa cha kichwani. Mashariki wanasema auvunje mbele ya mashahidi ndipo mrithi achongewe wake. Magharibi wanasema aukabidhi mzima. Ibara haisemi. Anasimama dirishani na kile kitambaa mkononi, mto uko chini, na ng'ambo taa zimeanza kuwaka moja moja, maana huko nao wameshapata habari.

Nilimpelekea mama wa meza ya pili kurasa hizo kumi na nne, nimezifunga kwa kamba ya jalada. Akakaa nazo siku tatu. Zikarudi na alama moja tu ya penseli, pembeni, pale mtunza muhuri anapokohoa:

"Huyu akiwa likizo, anakaimu nani?"